Kuondoa Mashada ya Krismasi Makaburi ya Arlington: Mwongozo Kamili kwa Anayejitolea

Kila Disemba, Jumamosi moja katikati ya mwezi, maelfu ya watu humiminika kwenye makaburi ya kijeshi ya Arlington, Virginia, ng'ambo ya mto Potomac ukitokea Washington. Wanaweka mashada ya majani mabichi yenye utepe mwekundu mbele ya mawe ya makaburi. Siku hiyo kuna kamera za televisheni, kuna hotuba, na picha huzunguka kwenye simu za watu wiki nzima. Mwezi mmoja baadaye mashada yale yale yameanza kukauka, utepe umelegea, na lazima yatolewe. Siku ya kuyatoa hakuna hotuba, baridi imezidi, na watu ni wachache kuliko waliokuja kuyaweka. Hiyo ndiyo siku ninayowasihi ndugu zangu mnaoishi Maryland, Virginia na Washington muitenge.

Sisi tunaijua tofauti hii tangu nyumbani. Msibani watu hujaa siku ya kuzika, lakini wanaobaki kushusha turubai, kurudisha viti vya kukodi na kusugua masufuria ndio familia huwakumbuka miaka mingi. Kazi ya Januari pale Arlington ni ya watu wa aina hiyo.

Kijue kwanza unachokwenda kukiondoa

Desturi hii ilianza mwaka 1992. Morrill Worcester, mwenye kampuni ya kutengeneza mashada huko Harrington, jimbo la Maine, alibakiwa na mzigo wa mashada mwishoni mwa msimu. Badala ya kuyatupa, akaomba yapelekwe Arlington, na mashada 5,000 yakawekwa kwenye sehemu ya zamani ya makaburi iliyokuwa ikipata wageni wachache kila mwaka. Kwa zaidi ya miaka kumi jambo hilo lilifanyika kimya kimya. Kisha mwaka 2005 picha ya mashada yakiwa juu ya theluji ikasambaa kwenye intaneti, na mwaka 2007 likaundwa shirika lisilo la faida, Wreaths Across America. Leo mashada huwekwa katika maeneo zaidi ya 4,000, na Arlington peke yake hupokea zaidi ya 250,000.

Shada lenyewe ni duara la waya lenye upana wa kama inchi 22, limefungwa matawi ya mti wa jamii ya msonobari unaoota kwa wingi Maine, na juu yake kuna utepe mwekundu. Kumbuka mambo matatu kuhusu shada hilo, maana ndiyo yanayoongoza kazi yote: ndani yake mna waya, matawi yake hutoa utomvu unaonata, na baada ya mwezi mzima wa mvua na theluji hunywa maji likawa zito kuliko unavyolikisia kwa macho.

Tarehe

Arlington huiita siku hii Wreaths Out, yaani siku ya kutoa mashada, na huwa Jumamosi moja ya Januari. Tarehe kamili hutangazwa kwenye tovuti ya makaburi yenyewe. Usitegemee tarehe ya mwaka jana wala ujumbe uliotumwa na mtu kwenye kikundi cha WhatsApp. Theluji au barafu ikizidi, wasimamizi huweza kusogeza siku, kwa hiyo chungulia tovuti tena Ijumaa usiku kabla hujatega saa. Kwa kawaida huhitaji kujiandikisha wala kulipa kitu, lakini soma tangazo la mwaka husika hadi mwisho, kwa sababu mageti yanayofunguliwa na saa ya kuanza hupangwa upya kila mara.

Ukiwa mbali na Washington hujakosa nafasi. Idara ya Maveterani inasimamia makaburi ya taifa zaidi ya 150 nchini Marekani, na mengi hupokea mashada haya haya: Fort Snelling kule Minneapolis, Dallas-Fort Worth na Houston kwa walioko Texas, Calverton kwa walioko New York, Quantico kwa wa Virginia ya kusini zaidi. Kila moja lina siku yake ya kuyatoa. Pigia simu ofisi ya makaburi, si shirika la mashada, uulize siku gani, kama kundi linapaswa kujiandikisha, vifaa gani vinaruhusiwa, na kama utepe au waya hutengwa na majani kabla ya kutupwa.

Mavazi na vifaa

Hapa ndipo wageni wa kazi hii huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Asubuhi ya Januari pale joto huwa karibu na sifuri kwa nyuzi za Selsiasi, na eneo ni vilima vilivyo wazi, upepo unatoka mtoni bila kizuizi. Ukivaa koti moja zito utatoka jasho ndani ya nusu saa ya kuinama na kunyanyuka, kisha jasho hilo likupoe mgongoni. Vaa tabaka tatu: fulana ya ndani isiyo ya pamba, sweta, na juu koti jepesi lisilopitisha maji. Ukichemka unavua sweta na kulifunga kiunoni.

Viatu ni buti zisizopitisha maji na zenye soli ya meno. Nyasi za Januari huwa zimelowa, na kwenye miteremko huteleza kama sabuni. Raba za mazoezi hulowa kabla hujamaliza mstari wa kwanza.

Glovu ziwe za ngozi au zile za kazi zenye mpira kiganjani. Za sufu acha nyumbani. Utomvu huzigandisha nyuzi, na ncha za waya hupenya. Beba jozi ya pili mfukoni, kwa sababu ya kwanza italowa.

Kifaa kinachorahisisha kazi kuliko vyote ni fimbo ndefu butu: mpini wa fagio, au bomba la plastiki la mita moja na nusu hivi. Unapitisha mashada kwenye fimbo kupitia tundu la katikati, watu wawili mnashika huku na huku, na mnabeba kwa safari moja mzigo ambao mikono mitupu ingehitaji safari nyingi. Ukiwa peke yako, kamba imara inafaa, au pitisha mashada mikononi hadi begani. Ongeza mfuko mmoja mdogo wa taka. Umuhimu wake utauona baadaye.

Visu, mikasi na koleo viache. Mlangoni kuna ukaguzi, na kazi yenyewe haivihitaji. Ndani hapaliwi chakula, ni maji ya chupa tu, kwa hiyo kunywa uji wako na chai ya tangawizi kabla ya kuondoka nyumbani. Mbwa hawaingii, isipokuwa wale wanaomsaidia mtu mwenye ulemavu.

Kufika na kuingia

Njia nzuri ni treni ya Metro. Kituo kinaitwa Arlington Cemetery, kipo kwenye Blue Line, na ukitoka unatembea dakika chache tu hadi lango kuu. Ukitokea Silver Spring panda Red Line, ubadilishe pale Metro Center. Angalia ratiba ya wikendi siku moja kabla, maana matengenezo ya njia hufanywa sana Jumamosi na Jumapili. Gari unaweza kuja nalo, lakini maegesho hujaa mapema siku kama hii.

Kila mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea aje na kitambulisho chenye picha kilichotolewa na serikali. Leseni ya udereva inatosha, na pasipoti pia. Geti hufunguliwa saa mbili asubuhi. Fika mapema kwa sababu ya foleni ya ukaguzi, na kwa sababu kazi ikishika kasi huenda haraka. Mara nyingi sehemu kubwa huwa imeisha kufikia adhuhuri. Kabla ya kuvuka ukaguzi, ingia chooni kwenye jengo la wageni. Ekari 639 si mahali pa kuanza kutafuta choo ukiwa na glovu zenye utomvu.

Kuchagua sehemu

Watu wengi husimama karibu na lango, kisha wakavutwa kuelekea kaburi la Rais Kennedy au Kaburi la Mwanajeshi Asiyejulikana. Matokeo yake pale mbele mistari husafishwa upesi huku sehemu za mbali zikisubiri. Ushauri wangu ni kutembea. Uliza mfanyakazi yeyote wa makaburi wapi hapana watu, uende huko. Kuna programu ya simu ya makaburi iitwayo ANC Explorer inayoonyesha namba za sehemu na hata kaburi la mtu kwa jina. Ipakue ukiwa nyumbani.

Kama huna upendeleo, ningekuelekeza Sehemu ya 27. Hapa ndipo maziko ya kijeshi yalipoanzia tarehe 13 Mei 1864, alipozikwa William Christman, askari wa cheo cha chini kutoka Pennsylvania. Hapa pia wamelala askari weusi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mawe yao yameandikwa herufi U.S.C.T., kifupi cha jina la Kiingereza la vikosi vyao, na takriban watu 3,800 waliotoka utumwani. Mawe yao hayana cheo wala kikosi. Yana jina, na chini yake neno la Kiingereza lenye maana ya raia. Anayetoka nchi ambayo wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 walifia porini kwa makumi ya maelfu, wengi bila hata jiwe lenye jina, akipiga goti hapa hahitaji kuelezwa kwa nini jina juu ya jiwe ni jambo kubwa.

Sehemu ya 15 yuko James Parks. Alizaliwa mtumwa kwenye shamba la Arlington, akachimba makaburi ya mwanzo kwa mikono yake, akaendelea kufanya kazi pale miaka mingi, na alipofariki mwaka 1929 akazikwa kwa heshima za kijeshi ingawa hakuwa askari. Ukipita, simama kwake.

Sehemu ya 60 ina waliokufa Iraq na Afghanistan. Wazazi wao wako hai, wajane wao ni vijana, na huenda ukawakuta wamekaa kwenye kiti cha kukunja kando ya jiwe. Nenda huko ukiwa na moyo wa kunyamaza.

Kuondoa shada moja, hatua kwa hatua

Simama mbele ya jiwe na usome jina. Si sheria ya mtu yeyote. Wanaoweka mashada Disemba huhimizwa kulitaja jina kwa sauti, na mimi naona anayeliondoa ana wajibu huo huo. Kaburi halipaswi kuwa kituo cha kupakia mzigo tu. Nyuma ya mawe mengi kuna jina la pili, la mke au mtoto aliyezikwa kaburi hilo hilo, kwa hiyo zunguka ulitazame.

Sasa piga magoti au kunja magoti, usiinamie kwa kiuno. Ukiinamia kwa kiuno mara mia mbili, Jumapili hutaamka. Shika duara la waya kwa ndani, si majani, kwa sababu majani makavu hung'oka na kukuachia takataka chini.

Hatua inayofuata ndiyo hufanywa vibaya na wengi. Usilinyanyue shada likiwa bado limeegemea jiwe. Livute kwanza kuelekea kwako, kiganja kimoja cha nafasi, ndipo ulipandishe. Mawe haya ni marumaru nyeupe, na marumaru ni jiwe laini. Ncha ya waya ikiburutwa juu yake huacha mstari, na mkwaruzo wa pili na wa tatu hukusanya uchafu na ukungu. Jiwe moja lina zaidi ya kilo 100, hivyo huwezi kuliangusha, lakini kulikwaruza unaweza kwa sekunde moja.

Kama shada limeganda ardhini, usilivute kwa nguvu. Lizungushe taratibu kulia na kushoto kama unayefungua kifuniko kigumu, barafu itaachia. Likikataa kabisa, liache, endelea na mengine, ulirudie jua likishapanda.

Likung'ute mara moja kuelekea nyasi ili theluji na maji yatoke, kisha litie kwenye fimbo. Utepe uelekee juu usiburuzike. Mkishajaza kiasi ambacho wote wawili mnabeba bila kupinda mgongo, inatosha. Kila mtu ana kipimo chake, na mzee aliyekuja na mjukuu asione haya kubeba manne.

Fimbo isiegemezwe kwenye jiwe hata kwa dakika moja. Wala shada lisitundikwe juu ya jiwe likisubiri, wala koti lako, wala chupa ya maji. Ukichoka keti kwenye ukingo wa barabara. Usiburute rundo kwenye nyasi iliyolowa, maana mahali palipoburutwa hugeuka tope, na tope hilo litakuwa bado lipo familia zitakapokuja wiki inayofuata.

Kwenye kontena

Makontena makubwa ya taka huwekwa kando ya barabara za ndani. Tupia mashada upande wa mwisho kwanza, yajae kuja mbele. Usirushe kutoka mbali juu ya vichwa vya watu, na usipande ndani kukanyaga ili yashuke. Kama lazima yashindiliwe, wafanyakazi wa makaburi watafanya. Magari hupita kwenye barabara hizo siku nzima, na ukiwa umebeba fimbo yenye mashada pande zote huoni vizuri. Mweke mtoto upande wa nyasi.

Mashada yote ya Disemba yaende humo. Najua wengine hutamani kubaki na utepe kama kumbukumbu, ila lile shada liliwekwa kwa ajili ya aliyelala pale, na safari yake inaishia kwenye kontena.

Vitu ambavyo huvigusi

Juu ya mawe utaona sarafu. Zimeachwa na waliopita kutoa heshima, nyingine na askari waliotumikia pamoja na marehemu. Utaona vijiwe, hasa kwenye makaburi ya Wayahudi. Sehemu ya 60 utaona picha, barua ndani ya plastiki, hata chupa ya bia ambayo haijafunguliwa. Acha kila kitu kilipo. Wafanyakazi wana utaratibu wao wa vitu hivyo. Sarafu ikidondoka ulipokuwa unavuta shada, irudishe juu.

Shada lenye jina la mtu, kadi, au lililo tofauti na mengine, muulize mfanyakazi kabla ya kulitoa. Na ukikuta familia kando ya kaburi, ruka kaburi lile. Ukitazamwa, toa pole kwa kichwa. Wakikuomba uwasaidie kulitoa, wasaidie. Mara nyingi hupenda kulitoa wenyewe.

Baadhi ya mawe hayatakuwa na shada kabisa, na si kwamba lilipotea. Waandaaji kwa kawaida hawaweki kwenye jiwe lenye nyota ya Daudi ila familia ikiomba.

Wasomaji wangu Waislamu huuliza kama kazi hii inawahusu. Shada ni pambo la msimu wa Krismasi machoni pa wengi, lakini wenye shughuli wanalitaja kuwa alama ya heshima kwa waliotumikia, na kuliondoa ni usafi wa makaburi tu. Mle ndani mna mawe yenye mwezi mwandamo na nyota. Kapteni Humayun Khan, Mwislamu aliyezaliwa Falme za Kiarabu kwa wazazi wa Kipakistani na kuuawa Iraq mwaka 2004, amelala Sehemu ya 60. Kila mmoja apime kwa imani yake.

Msafara wa maziko ukipita

Arlington bado inazika, na hata Jumamosi huwa na maziko. Ukiona msafara wa maziko, au kundi la watu waliovaa nguo nyeusi wakimsindikiza marehemu, acha kazi pale pale. Weka fimbo chini, vua kofia, simama wima ukiwageukia, mikono chini. Watoto nao wasimame. Usipige picha. Subiri wapite hadi sauti za viatu ziishe, ndipo uokote fimbo yako. Ukisikia tarumbeta kutoka mbali, simama pia mpaka ikome.

Mstari wa pili

Makundi mengi huondoka mashada yanapoisha, na hapo kazi huwa haijakamilika. Rudi kwenye mstari ulioanza nao na ule mfuko mdogo. Utaokota vipande vya waya, tepe zilizochomoka, makoni ya msonobari na matawi yaliyokatika. Waya ndio hatari zaidi. Mashine ya kukatia nyasi ikiupitia, huurusha kama risasi, dhidi ya jiwe au dhidi ya mguu wa mfanyakazi. Tembea polepole ukitazama chini ya kila jiwe, mbele na nyuma. Mstari ukiwa safi, ukisimama mwisho wake, mawe yanapaswa kuonekana meupe tu juu ya nyasi, kama yalivyo miezi mingine yote.

Kuja na kikundi, na baada ya kazi

Kanisa, msikiti au chama cha Watanzania au Wakenya cha mji wenu kikija pamoja, gawaneni watu wawili wawili na mpeane mahali pa kukutana na saa. Mtandao wa simu huzidiwa watu wakijaa. Mpeni mmoja wenu jukumu la kuhesabu watoto. Kumbusheni vijana kwamba kukimbia mazoezi na kupiga muziki havifai mle.

Wazazi wa Maryland, sikilizeni: mwanafunzi wa sekondari wa shule za umma huko hamalizi shule bila kutimiza sharti la huduma kwa jamii, ambalo kwa kawaida ni saa 75. Siku hii inaweza kuhesabiwa, lakini si kila shule huikubali bila idhini ya awali. Mtoto amuulize mratibu wa shule kabla ya Januari, aje na fomu yake, na ajue mapema nani atakayeisaini.

Ukirudi nyumbani, utomvu hautoki mikononi kwa sabuni peke yake. Paka mafuta ya kupikia, sugua dakika moja, futa kwa karatasi, ndipo unawe kwa sabuni. Kwenye nguo, spiriti ya kusafishia vidonda hufanya kazi kabla hujaziweka kwenye mashine. Glovu za ngozi zikaushe mbali na hita, zisikakamae, maana utazihitaji Januari nyingine.